Anayechangia programu huria naye ana lake la kudai

Mwaka jana, saa tano usiku, binti mmoja ninayemwelekeza katika kazi ya kuandika programu alinitumia picha ya skrini kutoka Mbeya. Alikuwa amerekebisha mistari miwili kwenye mradi mkubwa wa programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutazama na kuuboresha. Tarehe zilikuwa zinavurugika kila mtumiaji anapochagua Kiswahili, naye alilisaka kosa wiki nzima mpaka akalipata. Akatuma badiliko lake, akasubiri. Dakika kumi na nne baadaye ukaguzi wa kiotomatiki ukamrudishia alama nyekundu. Alipofungua taarifa ya ukaguzi akakuta mistari zaidi ya elfu moja, na ule wa mwisho ukisema tu kwamba mchakato umeisha kwa namba 1.

"Shikamoo kaka. Hii namba 1 ndiyo nini?"

Tulihangaika kwa simu karibu saa nzima. Namba 1 ni ishara tu kwamba kitu kimefeli; kosa lenyewe lilikuwa nafasi tupu moja mwishoni mwa mstari wa 47, mstari ambao yeye hakuugusa kabisa. Uliandikwa na mtu mwingine kabla ukaguzi ule haujawekwa, na chombo kilikuwa kinakagua faili zima badala ya sehemu iliyobadilishwa. Mgeni akadaiwa deni la mwenyeji.

Mwongozo wa kuchangia ulikuwepo, tena mrefu. Niliusoma wote usiku uleule. Kila sentensi ilimwambia mchangiaji afanye nini: ataje toleo, aandike jaribio la kuupima msimbo wake, apange msimbo hivi, jina la tawi liwe vile. Sikuona hata sentensi moja iliyosema mradi nao utafanya nini. Utamjibu baada ya siku ngapi? Nani ataisoma kazi yake? Akikwama amuulize nani? Sitautaja mradi wenyewe, kwa sababu haukuwa mbaya kuliko mingine. Karibu yote niliyoipitia imeandikwa hivyo, na hilo ndilo linaloniuma. Tumeyafanya makubaliano ya kazi ya kujitolea yafanane na masharti ya mkopo, ambapo upande mmoja unasaini na upande wa pili unasubiri tu kupokea.

Naomba nisieleweke vibaya. Mimi ni mtetezi mkubwa wa ukaguzi wa mashine. Aliyewahi kushiriki msaragambo wa kujenga darasa anajua: watu arobaini wanafika na majembe, nguvu ipo na moyo upo, lakini kama fundi hajavuta kamba ya msingi, ikifika saa sita mchana kuna mitaro mitatu na hakuna hata mmoja ulionyooka. Ukuta ukianza kupanda, fundi anatoa pima maji. Uzuri wa pima maji ni kwamba haina undugu. Kiputo kikikaa kando, ukuta umelala, awe aliyejenga ni mtoto wa diwani au kijana aliyefika leo asubuhi.

Katika programu huria hilo ni jambo kubwa. Ukaguzi ukiachiwa watu peke yao, vipimo huwa viwili. Mzee wa mradi akisahau kuandika jaribio anasamehewa kwa sababu anafahamika. Mgeni akisahau, anarudishwa kwa maneno makali. Mashine inawapima sawa. Tena inampunguzia msimamizi kazi ya kusema "hapana" kwa mambo madogo, kazi inayochosha na kuharibu uhusiano. Msimamizi ambaye hajaishiwa nguvu kwa kulalamikia mabano ana nafasi ya kuuliza swali lenye uzito, kama vile badiliko hili litawafanya nini watu wanaotumia toleo la zamani.

Ila kanuni nzuri huwa na sababu unayoweza kuisimulia. Tazama Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta. Kila badiliko linaloingia katika kiini chake hubeba mstari wa Signed-off-by, wenye jina na baruapepe ya aliyelileta, na kila msimamizi anayelipitisha huongeza wa kwake. Utaratibu huo ulianza mwaka 2004. Mwaka mmoja kabla, kampuni ya SCO ilikuwa imeishtaki IBM kwa madai kwamba mali yake imeingizwa ndani ya Linux, na ikadhihirika kuwa mradi unahitaji njia rahisi ya kuonyesha kila kipande kimetoka kwa nani na kimepita mikononi mwa nani. Kwa mstari ule mtu anathibitisha kuwa ana haki ya kuitoa kazi hiyo chini ya leseni ya mradi. Haidaiwi fomu ya kurasa sita wala mwanasheria, na mashine inaweza kuangalia kwa sekunde moja kama mstari upo. Walipata jeraha wakatafuta dawa, na dawa wakaipima kwa ukubwa wa jeraha.

Linux hiyohiyo inatufundisha na upande wa pili. Kwa miaka mingi mstari wa msimbo haukutakiwa kuzidi herufi 80, kipimo kilichorithiwa kutoka enzi za kadi za matundu na skrini ndogo. Skripti yao ya ukaguzi (programu ndogo inayoitwa checkpatch.pl) ililalamika kila mstari ulipovuka. Watu wakawa wanakatakata mistari vipandevipande ili skripti inyamaze, na msimbo ukawa mgumu zaidi kusomeka kuliko ambavyo ungekuwa ukiachwa urefuke. Mwaka 2020 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akasema wazi kwamba hataki tena kuona msimbo unaharibiwa kwa ajili ya kipimo hicho, na skripti ikapandishwa hadi herufi 100. Nyaraka za mradi zinasema skripti hiyo ichukuliwe kama kiongozi, isichukue nafasi ya akili ya mtu. Ningependa kila anayeweka ukaguzi mpya aianze kazi yake hapo.

Miradi yetu midogo mara nyingi haianzii hapo. Inanakili. Mtu anafungua hazina mpya ya msimbo, yaani mahali faili zote za mradi zinapotunzwa, anaenda kwenye mradi maarufu, anachukua mwongozo wake mzima na kubadilisha jina. Nimeona mradi wa watu watatu, wote wako Dar es Salaam na wanaonana kila Ijumaa, uliokuwa unadai idhini za watu wawili, mbali na mwandishi, kabla ya badiliko lolote kuingia. Hesabu yake ni kwamba mmoja akisafiri kwenda msibani, hakuna kinachoingia mpaka arudi. Kanuni ile ilitengenezwa kwa ajili ya timu ya mamia. Kwa hawa watatu ilikuwa koti la baba kwa mtoto wa darasa la pili.

Mfano ninaoupenda zaidi uko karibu nasi. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza kubuniwa mwaka 2004 kutokana na ushirikiano wa wataalamu wa Indiana, Marekani, na Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret, wakati kliniki za HIV za magharibi mwa Kenya zilipokuwa zinaelemewa na wagonjwa pamoja na makaratasi. Moja ya kanuni zake ndogo ni kwamba maelezo ya kila badiliko yatangulizwe na namba ya tiketi, yaani kumbukumbu ya tatizo lililoripotiwa: neno TRUNK kwa sehemu ya kiini, kistari, halafu namba. Mgeni ataona ni urasimu. Lakini fikiria zahanati inayotumia mfumo huo mwaka wa nane sasa, orodha ya dawa za mgonjwa inaonyesha dozi iliyokwisha kubadilishwa, na anayechunguza amefika kwenye mstari mmoja wa msimbo asioelewa uliwekwa kwa nini. Kupitia ile namba anafika kwenye tiketi yenyewe, anasoma tatizo lililoelezwa siku hiyo, anaona nani alipinga na nani alikubali. Herufi na namba chache mwanzoni mwa sentensi zinamwokolea siku nzima, na pengine zinamwokoa mgonjwa. Kanuni ya namna hiyo ukimweleza mchangiaji sababu yake, hutamkumbusha mara ya pili.

Sasa gharama. Wenye miradi wengi hawaioni, kwa kuwa hailipwi na wao. Mwongozo unasema kwa sentensi moja nyepesi: pakua mazingira ya majaribio, kisha endesha ukaguzi wote kwenye kompyuta yako. Mazingira hayo yana gigabaiti tatu au nne. Kwa mtu aliye ofisini Berlin, upakuaji unaisha kabla chai haijapoa. Kwa binti wa Mbeya anayewasha hotspoti ya simu, bando la wiki limekwisha, na umeme ukikatika katikati huenda akaanza upya. Halafu tunashangaa kwa nini majina ya kutoka kwetu ni machache kwenye orodha za wachangiaji.

Tiba yake haihitaji fedha, inahitaji mpangilio. Ukaguzi wa bei rahisi utangulie: nafasi tupu, mpangilio wa msimbo, namba ya tiketi. Huo unaisha kwa sekunde chache, na unaweza kukaa kwenye kompyuta ya mchangiaji kama skripti ndogo inayojiendesha kabla hajatuma kitu. Ukaguzi mzito, ule wa kujenga programu nzima na kuijaribu kwenye mifumo minne tofauti, ubaki kwenye seva za mradi. Chombo kikague mistari iliyoguswa tu. Deni la zamani walilipe wenye nyumba siku moja, kwa badiliko moja kubwa, kisha waanze upya wakiwa safi. Na chochote kinachoweza kurekebishwa na mashine, mashine ikirekebishe yenyewe. Ukaguzi unaojua kwamba kuna nafasi tupu mstari wa 47, na unajua jinsi ya kuiondoa, halafu unamwachia mtu akaitafute ndani ya mistari elfu moja, unamwonea.

Ujumbe wa kosa ndio sehemu ya mwongozo inayosomwa kweli. Mwongozo wenyewe watu wanaupitia haraka, wengine hawaufungui. Ila alama nyekundu ikitokea, kila mtu anasoma. Hapo ndipo pa kuandika kwa uangalifu: nini kimekosekana, kiko faili gani, andika amri hii kukirekebisha, na sababu ya kanuni imeelezwa hapa. Sentensi nne tu. Nimeziandika kwenye mradi mdogo ninaousimamia, na maswali yaliyokuwa yananijia kila wiki yamekaribia kuisha.

Kuna jambo jingine linalomuumiza mgeni bila mwenyeji kujua, nalo ni majaribio kigeugeu, yale yanayofeli leo na kufaulu kesho bila mtu kugusa kitu. Mwaka 2016 wahandisi wa Google walieleza kwamba karibu asilimia 16 ya majaribio yao yalikuwa na ukigeugeu wa kiwango fulani, na hao wana rasilimali ambazo mradi wa kujitolea hauwezi kuziota. Mzee wa mradi akiona jaribio hilo limefeli, anatabasamu na kubonyeza kitufe cha kurudia. Mgeni anajilaumu. Anakesha akitafuta kosa ambalo halipo katika kazi yake, na mara nyingi kitufe chenyewe hana, kwa kuwa kwenye GitHub, tovuti inayotunza miradi mingi ya programu huria, kurudia ukaguzi kunahitaji ruhusa ya kuandika kwenye hazina. Jaribio linalojulikana kuwa kigeugeu liondolewe kwenye njia ya wachangiaji siku hiyohiyo linapojulikana. Kuliacha pale kwa hoja kwamba "sote tunalijua" ni kusahau kwamba aliyefika jana si mmoja wa hao sote.

Milango mingine imefungwa kwa sababu za haki, na ni vema kuziheshimu. Mwaka 2021 GitHub iliweka utaratibu kwamba ukaguzi wa mtu anayechangia mradi kwa mara ya kwanza usianze mpaka msimamizi aidhinishe, kwa sababu wezi walikuwa wanatuma mabadiliko ya uongo ili seva za ukaguzi ziwachimbie sarafu za kidijitali. Sina ugomvi na hilo. Ninachodai ni kwamba mwongozo umwambie mgeni: utasubiri, sababu ni hii, na kwa kawaida tunaidhinisha ndani ya siku mbili. Mtu akijua anasubiri nini, kusubiri hakumvunji moyo.

Pamoja na utetezi wangu wote wa mashine, kuna kisa ninachokikumbuka kila mtu anaponiambia kwamba mradi wake uko salama kwa kuwa alama zote ni za kijani. Ni kisa cha xz, maktaba ndogo ya kubana data iliyomo kwenye kompyuta nyingi sana za Linux. Mtu aliyejiita Jia Tan alichangia kwa zaidi ya miaka miwili. Alikuwa mpole, alifuata taratibu, na kazi yake ilionekana nzuri. Msimamizi wa mradi alikuwa peke yake na amechoka, na majina yasiyojulikana yakawa yanamsukuma apokee msaidizi. Jia Tan akapewa funguo. Mwaka 2023 aliuomba mradi wa OSS-Fuzz, unaosaka makosa katika programu huria kwa mashine, uzime kipengele kimoja wakati wa kukagua xz. Ombi lilikuwa na maelezo ya kiufundi yanayoridhisha, likakubaliwa. Mapema 2024, matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka yakiwa na mlango wa siri. Sehemu ya msimbo haramu ilifichwa ndani ya mafaili ya majaribio, mafaili ambayo hakuna binadamu anayeyasoma kwa sababu ni data tu. Sehemu nyingine ilikuwa kwenye kifurushi cha toleo, wala haikuwemo kwenye hazina ambayo kila mtu anaitazama.

Aliyegundua ni Andres Freund, mhandisi anayeshughulika na PostgreSQL, hifadhidata huria. Aliona kuingia kwenye seva kwa SSH, njia salama ya kufikia kompyuta ya mbali, kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida, na hakuliacha jambo lipite. Tarehe 29 Machi 2024 akautangazia ulimwengu. Ningetaka kila anayesimamia mradi akae na kisa hiki kwa utulivu. Mashine ilikagua kila ilichoagizwa, na mshambuliaji aliijua orodha ya maagizo kuliko wenye mradi. Mafaili ya majaribio, ambayo yapo kwa ajili ya kulinda ubora, yakageuzwa maficho. Kilichoshindwa zaidi ni kile ambacho mwongozo wowote hauandiki: mtu mmoja aliachwa abebe mzigo peke yake mpaka msaada wa adui ukaonekana neema.

Hata vyombo vya ukaguzi vyenyewe vinaweza kugeuzwa. Machi 2025, kijenzi kimoja kinachotumika ndani ya GitHub Actions (huduma ya GitHub ya kuendesha ukaguzi), tj-actions/changed-files, kilivamiwa na kuanza kumwaga nywila za siri kwenye taarifa za ukaguzi. Hazina zaidi ya 23,000 zilikuwa zinakitumia. Walioandika alama kamili ya toleo waliloliamini walikuwa na kinga kubwa; walioandika jina la toleo tu, jina ambalo linaweza kuelekezwa kwenye msimbo mwingine, walivutiwa sumu bila kujua. Ukiweka mlinzi getini, jua naye ametoka wapi.

Halafu likaja gharika la maandishi ya akili mnemba. Tulipata dalili mapema, Oktoba 2020, pale Hacktoberfest, tamasha la kila Oktoba la kuhamasisha watu kuchangia programu huria, lilipotoa fulana kwa waliochangia na wasimamizi wakafurikwa na mabadiliko yasiyo na maana kwenye mafaili ya maelezo, hadi waandaaji wakalazimika kubadili kanuni tamasha likiwa linaendelea. Ile takataka ilionekana kwa macho. Ya sasa haionekani. Ni nadhifu, imepangwa vizuri, inapita ukaguzi wote wa mtindo. Daniel Stenberg wa mradi wa curl (programu ya kuhamisha data mtandaoni), ambao kila badiliko lake hupitia kazi za ukaguzi zaidi ya mia moja, alitangaza Januari 2026 kuufunga mpango wa zawadi kwa wanaoripoti mianya ya usalama, baada ya kuchoshwa na ripoti zilizotungwa na mashine. Gentoo, wanaotengeneza moja ya matoleo ya Linux, walikuwa wamepiga marufuku michango ya akili mnemba tangu Aprili 2024.

Nawaelewa, lakini marufuku ya jumla inanipa mashaka. Vijana wengi ninaowafahamu wanafikiri kwa Kiswahili, wanaandika msimbo wao wenyewe, kisha wanaipa mashine sentensi za Kiingereza iwasahihishie ili wasichekwe. Ukiwatupa pamoja na wale wanaotuma ripoti wasizozisoma, umewaadhibu kwa lugha ya mama. Mwongozo uulize kitu ambacho mashine haiwezi kukijibu kwa niaba ya mtu: ulilionaje tatizo hili, uliendesha amri gani, ukaona nini kabla na nini baada. Na useme wazi kwamba Kiingereza kibovu kinapokelewa. Sentensi hiyo moja ingefungua milango mingi kuliko tafsiri ya mwongozo mzima.

Kwa hiyo mwongozo ninaoutaka una kurasa chache na una upande wa pili. Unasema tutakujibu ndani ya siku saba, hata kama jibu ni kwamba bado hatujasoma. Unasema badiliko likikataliwa utaambiwa sababu na mtu, mwenye jina. Unasema kanuni zetu tunazipitia kila mwaka, na isiyo na sababu tunaifuta. Ahadi hizo zinaweza kusimamiwa na mashine ileile: haishindwi kuhesabu siku ambazo ombi la mgeni limekaa bila jibu na kumkumbusha msimamizi kwa alama nyekundu yake mwenyewe.

Badiliko la binti wa Mbeya liliingia baada ya wiki sita. Tarehe za Kiswahili sasa zinasomeka sawasawa. Wiki iliyofuata alituma jingine, safari hii kwenye mwongozo wenyewe: mistari mitatu inayoeleza amri ya kuondoa nafasi tupu kabla ya kutuma. Ukaguzi wote umepita, alama ni za kijani kuanzia juu hadi chini. Naandika haya ikiwa ni mwezi wa tatu tangu alitume, na bado hakuna aliyelifungua kulisoma.